jQuery: nikae chini niisome, au niipite tu?

mgeni_wa_konsoli (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri na msinicheke.

Nina miezi minane tangu nianze JavaScript, najifundisha mwenyewe kwa video na kwa kuvunjavunja kodi za watu. Sijambo kiasi: fetch naielewa, moduli naelewa, React (maktaba ya kisasa ya kujengea kurasa) nimeanza kuionja. Wiki iliyopita nikapata kazi ya kwanza ya kulipwa. Ni tovuti ya zamani, mwenyewe anataka fomu yake ya oda itengenezwe, basi. Nikafungua faili la main.js nikijua nitakutana na ninachokijua. Mistari 1,900, alama ya dola kila kona, yaani jQuery, maktaba ya zamani ya JavaScript. Kipande kimoja hiki hapa:

```
$('.orodha').on('click', '.futa', function () {
  $(this).closest('li').fadeOut(200, function () {
    $(this).remove();
  });
  return false;
});
```

Naisoma kama mtu anayesikiliza lahaja ya kijiji cha jirani: maana naipata, lakini siwezi kujibu. Na nikigusa sehemu moja, nyingine inavunjika.

Nimeuliza huku na kule, nimepata majibu mawili tu. "jQuery ilishakufa, usipoteze muda." Na, "jQuery iko kila mahali, lazima uijue." Wote wanaongea kwa uhakika uleule. Nikae chini niisome kama somo, au nimalize hii kazi kwa kuungaunga kisha nirudi kwenye React? Muda wangu ni jioni tu.

---

chap_chap

Ilishakufa hiyo. Jioni zako weka kwenye kitu kitakachokulisha miaka kumi ijayo. Nimemaliza.

---

mabano_manne

@chap_chap hebu tuelewane kwanza "kufa" ni nini.

Flash ndiyo ilikufa, na kifo chake tulikishuhudia. Ilikuwa plagini inayoishi ndani ya brauza kwa hisani ya brauza. Mwaka 2017 Adobe wakatangaza kwamba mwisho ni 31 Desemba 2020, na ilipofika 12 Januari 2021 Flash Player yenyewe ikaanza kukataa kucheza. Brauza zikaing'oa. Aliyekuwa anaijua ActionScript, lugha yake, kama kiganja cha mkono wake akaamka hana pa kuichezeshea. Silverlight, plagini ya namna hiyo ya Microsoft, nayo ikafuata njia hiyohiyo.

Sasa jQuery ni nini? Ni JavaScript ya kawaida kabisa, faili moja limekaa kwenye seva ya mwenye tovuti. Hakuna mtu mwenye swichi ya kuizima. Ukurasa wa 2009 ulioandikwa nayo ukiufungua leo, mara nyingi unafanya kazi vilevile, kwa sababu watengeneza brauza wanaogopa kuvunja kurasa za zamani kuliko wanavyoogopa kuchelewa.

Mnaobisha, kumbukeni sakata la 2018. JavaScript ilitaka kuongezewa fanksheni ya kukunjua safu iliyo ndani ya safu nyingine, jina lake flatten. Ikaja kubainika kwamba MooTools, maktaba nyingine ya zamani (kuna mtu humu bado anaiandika?), ilikuwa inajibandikia flatten yake yenyewe kwenye Array, na ile mpya ingevunja tovuti za zamani. Makelele yakawa makubwa, hadi mtu akapendekeza kwa utani iitwe smoosh. Mwisho likachaguliwa jina flat. Kwa hiyo kila unapoandika .flat() unaipisha njia maktaba ambayo huenda hujawahi kuisikia.

Mimi teknolojia ya zamani naianza na swali hilo la swichi: iko mkononi mwa nani? Kama iko kwa kampuni moja, anza kufungasha. Kama haipo, jiandae kuishi nayo.

---

chap_chap

Sawa mkuu, haijafa, iko ICU. Nani anaanza mradi mpya nayo? GitHub waliitoa kwenye kurasa zao 2018. Bootstrap 5, ile maktaba ya kupamba kurasa, ilipotoka 2021 ilikuwa haiihitaji tena. Kupumua ni jambo moja, kuajiriwa ni jingine.

---

mzee_wa_ie6

Nilitaka nipite kimya, nimeshindwa.

Kabla ya kusema dawa imepitwa na wakati, muulize aliyekuwa anaumwa. Mwaka 2006 ukitaka kitufe kisikie kubofywa, Firefox ilitaka addEventListener, Internet Explorer ilitaka attachEvent, na ndani ya hiyo attachEvent neno this lilikuwa halimaanishi kitufe chako, lilimaanisha window nzima. Kuomba data kwenye seva, IE 6 ilitaka ActiveXObject. Kutafuta elementi kwa jina la klasi, IE haikuwa na getElementsByClassName mpaka toleo la 9. Tulikuwa tunaandika kila kitu mara mbili, kisha tunakesha kujua kwa nini cha pili hakifanani na cha kwanza.

John Resig akaileta jQuery Januari 2006, toleo la 1.0 likatoka Agosti mwaka huohuo. Wazo lake lilikuwa jepesi: andika kiteuzi cha CSS (lugha ya mwonekano wa ukurasa), upate vitu, uvifanyie kazi, na ugomvi wa brauza usikuhusu. Brauza zenyewe zikaja kuota tabia hiyohiyo: querySelectorAll, classList, closest, halafu fetch. Na mgonjwa mkuu, IE 11, Microsoft waliacha kumhudumia Juni 2022. Dawa ikishaingia kwenye maji ya bomba, nani tena atanunua chupa?

Kwa hiyo @chap_chap nakubaliana nawe kwa nusu, na mimi mkate wangu niliutafuta kwa jQuery zaidi ya miaka kumi. Mradi mpya usianze nayo.

Lakini mdogo wangu mleta uzi hakuuliza habari za mradi mpya. Amepewa nyumba ya zamani aitengeneze choo. Kuisoma jQuery na kuiandika ni kazi mbili tofauti. Kuiandika kwa ufundi, na plagini zake na uhuishaji wake, ni miezi, na miezi hiyo usiitoe. Kuisoma, kwa mtu ambaye JavaScript anaijua, ni jioni tatu au nne.

Na usianze na orodha ya fanksheni zake, hizo utazikisia kwa majina. hide inaficha, append inaongeza mwishoni, hakuna siri. Anza na sehemu ambazo jQuery na JavaScript tupu zinafanana sura lakini zina tabia tofauti. Hapo ndipo unapovunjia vitu.

Chukua hiyo return false yako. Ndani ya jQuery ina kazi mbili kwa mpigo: inazuia linki isiende inakokwenda, na inazuia tukio lisipande juu kwa wazazi. Ukihamishia kodi ileile kwenye addEventListener, return false haifanyi kitu chochote. Inapuuzwa tu. Mtu anabofya "futa", ukurasa unaruka juu kabisa kwa sababu linki ilikuwa na alama ya #, na wewe unatafuta kosa kwenye CSS.

Halafu kuna ukimya. $('#haipo').hide() haisemi neno hata kama elementi hiyo haijawahi kuwepo. Imepata sifuri, imeficha sifuri, imeendelea na safari. querySelector('#haipo') inakurudishia null, na ukiigusa skripti yote inasimama. Faili moja la main.js linalopakiwa kwenye kurasa ishirini limejaa mistari ya namna hiyo, kila mmoja una maana kwenye ukurasa mmoja tu na kwingine kote umekaa kimya. Ukiugeuza kuwa JavaScript tupu bila kuweka ulinzi, unarekebisha ukurasa mmoja na kuua kumi na tisa.

Kwenye each ya jQuery, ya kupitia vitu kimoja kimoja, namba inatangulia na elementi inafuata. Kwenye forEach ya JavaScript tupu ni kinyume. (Na wasitudanganye kwamba jQuery yenyewe ina mpangilio: $.each inaanza na namba, $.map inaanza na kitu. Nimezeeka sijajua kwa nini.)

Mwisho nikuulize wewe mwenyewe: hivyo vilivyovunjika ulipogusa, hukubadilisha function kuwa mshale (=>) ili kodi ipendeze?

---

mgeni_wa_konsoli

Mzee wangu, ulikuwa umekaa nyuma yangu? Ndiyo, nilizigeuza zote kuwa mshale. Nikaona function ni za kizamani.

---

mzee_wa_ie6

Basi $(this) zako zote zimepoteza mwenyewe. jQuery ndiyo inayoiambia this iwe ile elementi iliyobofywa, na fanksheni ya mshale haipokei this ya mtu, inachukua ya pale ilipoandikwa. Zirudishe zilivyokuwa. Kama unataka mshale, tumia event.currentTarget. Kipande chako kwa JavaScript tupu kinakuwa hivi:

```
document.querySelector('.orodha')
  .addEventListener('click', (e) => {
    const kitufe = e.target.closest('.futa');
    if (!kitufe) return;
    e.preventDefault();
    kitufe.closest('li').remove();
  });
```

Ule mstari wa closest ndio unaofanya kazi ya '.futa' iliyokuwa katikati ya on. Elewa kwa nini upo na utakuwa umeelewa robo ya hilo faili lako. Kufifia kwa milisekunde 200 nimekuacha, hiyo ni kazi ya CSS.

---

dada_wa_fomu

Naongezea kwa mzee, hii ilinila siku mbili nzima.

Fomu ilikuwa na plagini ya jQuery ya kuchagua kutoka kwenye orodha ndefu, ile yenye kisanduku cha kutafutia. Mimi nikaandika kodi yangu mpya kwa addEventListener('change'), safi, ya kisasa. Mtumiaji anachagua, kwenye skrini jina linabadilika, kodi yangu haisikii. Nikaweka console.log kila mahali. Nikabadilisha brauza. Nikaanza kuishuku akili yangu.

Kumbe plagini ilikuwa inatangaza mabadiliko kwa .trigger('change'), na trigger ya jQuery kwa tukio la change inawaita wale waliojiandikisha kwa jQuery. Waliojiandikisha kwa addEventListener hawaitwi. Upande wa pili unakubali: ukitangaza kwa dispatchEvent, ya kawaida inayopanda juu, wa jQuery nao wanasikia, kwa sababu chini kabisa nao wamening'inia kwenye addEventListener ileile. Ni barabara ya kwenda bila kurudi.

Nikabadilisha mstari mmoja tu, nikatumia $('#mkoba').on('change', ...), ikapona. Mstari mmoja wa jQuery kwa siku mbili. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema humu kwamba sitaigusa maishani.

---

mlinzi_wa_lango

Wakati mnabishana kuhusu kujifunza, mleta uzi fungua konsoli ya brauza uandike jQuery.fn.jquery. Itakupa namba ya toleo.

Ukikuta chini ya 3.5.0, mwambie mwenye tovuti leo. Toleo hilo lilitoka Aprili 2020 kuziba tundu lililokuwepo tangu 1.2: HTML kutoka kwa mtu usiyemwamini, hata ikiwa imeshasafishwa, ikipitishwa kwenye .html() au .append() ingeweza kuamsha skripti yake. Sababu ni kwamba jQuery ilikuwa inaichezea ile HTML kabla ya kuiweka, inageuza `<div/>` kuwa `<div></div>`, na uchezeaji huo ndio uliofungua mlango. Kuanzia 3.5.0 haigusi. Maana yake pia, kodi ya zamani iliyotegemea ufupisho huo, mfano `<div/><span/>`, sasa itakuta span imeingia ndani ya div badala ya kukaa pembeni yake.

Usiruke matoleo kwa macho makavu. Kuna jQuery Migrate, unaipakia baada ya jQuery, inarudisha vilivyoondolewa na kukuonya kwenye konsoli kimoja kimoja. Ukimaliza maonyo unaitoa. Wengine huisahau humo miaka: WordPress 5.5 ilipoacha kupakia ile Migrate ya zamani Agosti 2020, tovuti kibao ziligundua siku hiyo kwamba zilikuwa zinatembelea gongo, na ikabidi itolewe plagini ya kurudisha gongo.

Toleo la 4 nalo, ambalo beta yake ilitoka Februari 2024, limefagia $.trim, $.isFunction, $.parseJSON na wenzake. Maktaba iliyokufa haina mtu wa kuifagia namna hiyo, kwa hiyo hoja ya kwanza kabisa ya huu uzi nadhani imeshajibiwa.

---

chap_chap

Haya, nimesoma zote, na ile ya trigger sikuwa naijua. Naondoa "ilishakufa".

Ila hoja yangu kubwa siiachi. Watu wa "iko kila mahali" hutegemea takwimu za W3Techs, wanaohesabu teknolojia zilizomo kwenye tovuti, kwamba jQuery ipo kwenye tovuti kama saba kati ya kumi. Namba ni ya kweli. Lakini inahesabu nini? Inahesabu kurasa zilizolipakia lile faili. WordPress inakuja nalo ndani, mandhari na plagini zinalivuta, na mwenye tovuti hajui hata kama lipo. Hakuna mtu aliyekaa akaichagua. Ukitumia namba hiyo kupanga ujifunze nini, ni sawa na kuhesabu milango ya mji mzima ukahitimisha kwamba kazi ya useremala iko nje nje. Milango ipo. Swali ni mingapi inapigiwa simu kwamba imekwama.

---

mabano_manne

Hapo umepiga penyewe. Na jibu la swali lako analo mleta uzi: yeye amepigiwa simu. Angekuwa hana hiyo kazi mkononi, ningemwambia apite.

Ndiyo maana mimi sijawahi kumjibu mtu "ijue" au "iache" kabla hajaniambia kuna nini mezani kwake.

---

mgeni_wa_konsoli

Wakuu, narudi na mrejesho. Zimepita jioni tano.

Kwanza nilirudisha function zote. Nusu ya matatizo yakaondoka, aibu ikabaki.

Kisha nikaandika ile ya konsoli, ikanipa 3.4.1. Nikashangaa, maana juu ya ukurasa faili linaitwa jquery-1.12.4. Nikaangalia chanzo cha ukurasa mstari kwa mstari. Kumbe kuna jQuery mbili. Ya 1.12.4 iko juu, pamoja na kalenda ya jQuery UI ya kuchagua tarehe. Chini kabisa, mtu aliyekuja baadaye kuweka slaidi za picha akapakia na 3.4.1 yake. Ya pili ikiingia inachukua jina la $ na jina la jQuery. Kalenda imebandikwa kwenye ile ya kwanza, ambayo sasa haina anayeiita. Main.js inafika mstari wa 212, inaomba datepicker (ndiyo hiyo kalenda), inaambiwa hiyo si fanksheni, inafia hapo. Na kodi ya kutuma oda iko mstari wa 340.

Yaani fomu haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa haifikiwi.

Nimeacha moja tu, 3.7.1, nikapandisha na jQuery UI, nikaweka Migrate. Ikanipa maonyo: .size() sehemu mbili, ambayo niliambiwa iliondolewa toleo la 3, na rundo la .bind. Nimeyasafisha yote, Migrate nimeitoa. Fomu inatuma. Kalenda inafunguka. Slaidi nazo zinazunguka, ingawa sijui nani anaziangalia.

Sasa nina swali la mwisho. Kwa kuwa nimeshaielewa, niitoe jQuery yote niandike upya kwa JavaScript tupu? Mkono unawasha.

---

mzee_wa_ie6

Unaokoa nini? Kama kilobaiti 30 ikibanwa, na kalenda utabaki huna. Mwenyewe alikuomba fomu. Siku atakayokuomba kalenda mpya, siku hiyo itoe.

---

dada_wa_fomu

Na kabla hujakabidhi, jaza fomu kwa kibodi tupu bila kugusa kipanya, kisha ijaze kwa simu. Kalenda za zamani hizo kwenye simu hufunguka chini ya kibodi, mtu haoni tarehe.

---

mgeni_wa_konsoli

Nimejaribu kwenye simu, dada, ni kama ulivyosema, imefunguka chini ya kibodi. Nimeweka readonly kwenye kile kisanduku ili kibodi isitokee, imekubali.

Mkono nimeuzuia, jQuery nimeiacha. Ila wakati nafunga faili nimeona maoni juu kabisa, sikuyasoma siku ya kwanza: "Hii ya muda tu, nitaiandika vizuri nikipata nafasi." Tarehe ni ya Machi 2013. Chini yake nimeandika nilichobadilisha na tarehe yangu.